Safari ya Nakuru: Kumchagulia Binti Pikipiki

Nilipanda treni ya asubuhi pale Miritini nikiwa na nia moja: kwenda Nakuru kumkataza binti yangu asinunue pikipiki. Kwa simu sikumwambia hivyo. Nilimwambia nakwenda kumjulia hali, nikafunga mkoba wa nguo, halua na kilo mbili za tende, na moyoni nikafunga maneno makali ya mzazi.

Maneno hayo yalikuwa na sababu. Miaka sita iliyopita mpwa wangu alinunua pikipiki kuukuu kwa bei ya chini kwa kuwa aliipenda rangi yake. Wiki ya tatu, breki ya mbele haikushika alipoihitaji. Tulimshukuru Mola kwamba alibaki hai, lakini mguu wake wa kulia haukurudi kuwa mguu. Tangu siku ile, kila nisikiapo pikipiki ikipita uchochoroni, mkono wangu husimama ulipo, uwe kwenye sufuria au kwenye cherehani.

Nililala Nairobi kwa jamaa, na asubuhi yake nikapanda matatu ya Nakuru, mwendo wa takriban kilomita 160. Sisi wa pwani tumezoea upeo wa bahari, maji na mbingu vikikutana mbali bila kitu kati. Baada ya Limuru nilikuta upeo wa namna nyingine. Ardhi ilikatika upande wa kushoto wa gari, na chini yake likatandazwa bonde pana lisilo na mwisho, Mlima Longonot ukisimama kati na kinywa chake wazi kama bakuli lililomeguka ukingo. Tuliteremka tukapita Naivasha, kisha Gilgil, kisha Ziwa Elementaita liking'aa kama sahani ya bati. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliandikwa na UNESCO mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia. Niliyatazama hayo yote kwa dirisha huku nikiyapanga maneno yangu ya kukataza.

Nakuru ni jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Lilitunukiwa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021. Limekaa mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, kaskazini yake ikiwa kreta ya Menengai na kusini yake ziwa. Husemwa kwamba jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Sikuhitaji kuambiwa. Nilipovua mtandio jioni ile nilikuta mikunjo yake imebeba unga mwembamba wa kijivu, laini kuliko unga wa mchele. Ni vumbi la majivu ya volkano za kale, na lina sehemu yake katika habari hii.

Binti yangu alisoma mambo ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, na sasa huzunguka vijijini kuelekea Mogotio akichanja mbuzi na kutibu ng'ombe. Chumba chake kiko karibu na Bondeni, mtaa wa zamani, ambako adhana humfikia bila kuisubiri. Usiku ule, baada ya Isha, nilimwambia nililolijia. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyolelewa. Kisha akasema:

"Mama, wewe waogopa nisije nikapanda pikipiki. Mimi napanda kila siku. Vijiji vile havifikiwi na matatu. Nakaa nyuma ya mwanamume nisiyemjua, juu ya mashine nisiyozijua breki zake, naye akipewa abiria mwingine ataka kutubeba sote wawili. Magharibi ikikaribia na ng'ombe bado anazaa, yeye huondoka. Mara mbili nimeachwa porini. Nikiwa na yangu, nitaijua, nitavaa ninavyotaka, na nitarudi ninapotaka."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kumzuia asiingie katika hatari, nikakuta yumo ndani yake siku nyingi, tena pasi na stara aliyoistahili. Nilimpigia babake simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama ni lazima, basi ikague wewe. Usimwachie muuzaji." Hivyo ndivyo mimi, mwanamke wa miaka 56 ambaye sijawahi kushika hata baiskeli, nilivyofanywa mkaguzi wa pikipiki.

Masharti yangu yalikuwa matatu. Tutazame pikipiki tatu kabla ya kutoa shilingi. Twende na fundi asiyejuana na muuzaji. Na mwenye kuharakisha biashara, tumwache aende nayo.

Fundi tuliyempata ni kijana mpole wa mitaa ya viwandani, mikono myeusi kwa oili, ulimi wenye adabu. Alinieleza kwanza aina aliyoihitaji binti yangu. Si pikipiki ya mjini yenye magurudumu madogo, wala si ile kubwa ya safari ambayo ikilala chini huinuliwa na watu watatu. Ni ile ya kati, ambayo mafundi huiita skrambla: yafaa kwenye lami na yafaa kwenye vumbi. Gurudumu lake la mbele ni kubwa ili lipande mawe badala ya kutumbukia kati yake, shokomzoba zake ni ndefu, na tumbo lake liko juu ya ardhi. Injini yake ni ya silinda moja. "Mama," akaniambia, "silinda moja ni kama jiko la mkaa. Haina mengi ya kuharibika, na ikiharibika, fundi wa kijijini ataijua." Aliniambia pia kasoro yake, kwamba hutetema mikononi na haipendi mwendo wa kasi kwa muda mrefu. Nikasema kasoro hiyo ya pili naipokea kwa mikono miwili.

Pikipiki ya kwanza iling'aa. Ilikuwa imeoshwa, imepakwa mafuta, kiti kimeshonwa upya. Fundi hakuitazama rangi. Aliweka kiganja karibu na injini, akanitazama mimi. Ilikuwa moto. Muuzaji alikuwa ameiwasha kabla hatujafika, na injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugonjwa wake wa asubuhi. Tukakaa kivulini dakika arobaini hata ikapoa. Ilipowashwa tena ilikataa mara nane, na ya tisa ikatoa moshi wa rangi ya samawati. Moshi huo, akasema fundi, ni oili inayoungua mahali isipotakiwa. Akafungua kisanduku cha chujio la hewa. Chujio lilikuwa limepasuka, na nyuma yake, upande ule uliopaswa kuwa safi, lilikuwepo lile vumbi la mtandio wangu. Majivu ya volkano yakiingia ndani ya silinda hufanya kazi ya msasa: pistoni hulika, kuta hulika, na nguvu hutoroka. Aliyekuwa nayo hakuwa amelisafisha chujio, jambo linalochukua robo saa.

Ya pili niliikataa mimi mwenyewe. Muuzaji alisema imetoka Malindi, imetumiwa kidogo sana. Niliinama nikatazama chini ya tangi na kwenye njiti za magurudumu. Palikuwa na kutu iliyochimba, na juu ya vipande vya aluminiamu kulikuwa na ukungu mweupe wa unga. Mimi nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Nimeona milango, majiko na vitanda vya chuma vikiliwa. "Hii ni chumvi," nikasema. Fundi akacheka, akaitoa plagi. Ilikuwa nyeusi kama wanja. Akanieleza kwamba hewa ya Nakuru, kwa ajili ya urefu wake, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita. Kabureta iliyopimiwa hewa nzito ya bahari, ikiletwa huku, humwaga petroli nyingi kwa hewa chache, na plagi hupata masizi. Masizi yanarekebishika kwa kazi ndogo. Fremu iliyoliwa na kutu ndani kwa ndani hairekebishiki, na ndiyo inayombeba mwanangu.

Nilirudi chumbani jioni nikiwa nimejifunza kwamba kila mahali huacha alama yake juu ya chuma. Ya pwani huliwa na chumvi, ya bara huliwa na vumbi, na muuzaji hodari huzifunika zote mbili kwa rangi.

Ya tatu tuliikuta shambani, upande wa Rongai. Ilikuwa Yamaha XTZ125, ya silinda moja, injini yake ikipozwa kwa upepo tu. Ilikuwa chafu. Mwenyewe ni mzee mkulima aliyekuwa akizungukia mahindi yake, na sasa magoti yamemshinda. Kabla hatujauliza lolote alisema: "Mama, nitakwambia ubaya wake kwanza. Viatu vya breki ya nyuma vimekwisha. Iliniangusha mara moja kwenye matope, upande wa kulia, ndiyo maana kikanyagio kile kimepinda. Na mnyororo ni wa kubadilishwa." Nilimtazama yule mzee, ambaye si wa dini yetu wala hajui kwamba sisi tumefundishwa mwenye kuuza aitaje aibu ya bidhaa yake. Aliitaja.

Hata hivyo fundi hakuacha jambo. Aliwasha injini ikiwa baridi. Ikaitika mara ya pili. Moshi ulikuwa mweupe kidogo, kisha ukaisha. Alichovya kidole katika oili, akakipeleka juani kutafuta vimetameta vya chuma. Hapakuwa na kitu. Aliinua gurudumu la mbele akauzungusha usukani taratibu, akisikiliza kama beringi za shingoni zinakwama. Alilitikisa gurudumu la nyuma kwa upande. Alisimama nyuma, akafumba jicho moja, akaona kama magurudumu mawili yamekaa mstari mmoja. Akaukamata mnyororo katikati ya gia ya nyuma, akauvuta, ukanyanyuka. Na meno ya gia ile yalikuwa yamechongoka na kupinda kama pezi la papa. "Mzee amesema kweli," akasema. Mwisho, kwa ombi langu, akakagua breki ya mbele mara tatu. Mara ya tatu nilimtaka anionyeshe mimi mwenyewe unene wa pedi zake.

Ilibaki kimo. Binti yangu si mrefu, na kiti cha pikipiki hiyo kiko sentimita 84 kutoka ardhini. Alipokaa, miguu yote miwili iligusa kwa ncha tu. Akasogea kidogo upande, akaukanyaga mguu mmoja mzimamzima, akatulia. Fundi akasema hivyo ndivyo hufanya wengi, mradi mashine isiwe nzito kumshinda mwenyewe. Akamwamuru ailaze chini na kuinyanyua peke yake. Aliinyanyua, uso umemwiva, nami nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Mzee alitaka shilingi 130,000. Tukapatana 118,000 kwa ajili ya breki na mnyororo. Fedha hazikutoka mkononi kabla ya karatasi. Tulilinganisha nambari iliyogongwa kwenye shingo la fremu, na ya injini, na zile zilizo katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, tukahakikisha jina ni la mzee yule yule wa kitambulisho. Umiliki ukahamishwa kwa mtandao tukiwa tumekaa naye tukinywa chai ya maziwa. Mali iliyoibwa haiwi halali kwa kununuliwa kwa nia njema, na asiyeuliza amechagua kutojua. Siku iliyofuata tulikata bima. Leseni alikuwa nayo tayari; alisomea kwa siri, akaniomba radhi, nikamsamehe.

Sasa nawaandikia akina mama wenzangu lile ambalo wauzaji hawalisemi. Buibui refu na mnyororo wa pikipiki ni maadui. Nguo ikinaswa kwenye njiti au gia humvuta mwenye kuivaa. Mimi na cherehani ya jirani tulikesha usiku mmoja. Tulishona vazi pana lifikalo magotini, lenye mpasuo pande mbili uliofunikwa kwa kitambaa, na chini yake suruali pana iliyobanwa kwenye vifundo na kuingia ndani ya buti. Mtandio ukabadilishwa kwa ushungi wa pamba mwepesi usio na pini, kwani pini chini ya kofia ngumu huwa msumari siku ya kuanguka. Juu ya yote likaja koti la kuakisi mwanga. Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia na koti hilo, na abiria asizidi mmoja. Pikipiki tulinunua iliyotumika. Kofia tulinunua mpya dukani, kwa sababu kofia iliyokwisha pokea pigo moja hailindi pigo la pili, na pigo hilo halionekani kwa macho. Alipomaliza kuvaa, hapakuwa na wa kuona umbo lake. Nimewaona wasichana nyuma ya bodaboda wakishika buibui lao kwa mkono mmoja na chuma kwa mkono mwingine, wakipigwa na upepo. Stara ya binti yangu ilikuwa bora kuliko yao.

Siku ya sita tulikwenda Mogotio. Mimi nilipanda matatu. Yeye alitangulia kwa pikipiki. Barabara hii ya kuelekea Baringo niliikubali kwa kuwa si ile ya Eldoret, ambayo malori mazito huteremka kwa kasi kule Salgaa na Sachangwan. Ni pale Sachangwan ambapo tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100. Sharti langu la nne, lililoongezwa usiku, ni kwamba barabara ile haipandi kwa pikipiki kamwe.

Njiani mashamba ya mkonge yalitandaa pande zote, safu kwa safu, nikajiona niko Vipingo. Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi, hata nilipoteremka garini Mogotio mwili wangu ulilitambua kama jamaa wa zamani. Karibu na hapo kuna kibao cha ikweta. Mombasa iko kusini yake kwa takriban digrii nne, na kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Huku, tuliposwali Adhuhuri chini ya mgunga, binti yangu alinigeuza kulia kidogo.

Kutoka hapo matatu haziendi. Nilivaa kofia ya pili, nikasoma dua, nikapanda nyuma yake. Barabara ilikuwa ya changarawe, kisha kokoto, kisha njia ya mbuzi. Nilijifunza kwa mgongo wake alivyofundishwa. Hakuikamata breki ya mbele kwa pupa, kwani juu ya kokoto gurudumu la mbele likifungwa huteleza. Alitangulia kupunguza gia, injini ikamshikia mteremko. Hakulitazama jiwe alilotaka kulikwepa, alitazama njia aliyotaka kuipita, na pikipiki ikafuata macho yake. Palipokuwa na lile vumbi la unga, kama lile lililoonekana na ulimwengu Safari Rally iliporudi Naivasha mwaka 2021, alishika mwendo mmoja bila kuyumbisha mkono. Mahali pawili aliniambia, "Mama, shuka utembee kidogo," nami nikashuka nikatembea, nikamshukuru kwa kujua mpaka wake.

Tulifika boma moja ambalo wanaume walikuwa malishoni. Wanawake wakatoka na watoto wakatoka, wakamzunguka binti yangu wakimwita daktari. Mmoja alimvuta mkono mpaka kwenye zizi, kwa mbuzi aliyelala tangu jana. Daktari mwanamume, mwanamke yule akaniambia, humsubiri mume arudi kwanza. Huyu huingia, hutibu, na mbuzi hupona mchana ule ule. Mbuzi ni karo ya shule ya mtoto wake. Nilikaa juu ya kigoda nikanywa maziwa yaliyonukia moshi wa kibuyu, nikatazama kofia ngumu iliyotundikwa kwenye mti wa boma.

Tuliwahi kurudi Mogotio kabla ya Alasiri kwisha, na yeye akafika Nakuru kabla ya Magharibi.

Sikuandika haya ili kila binti anunuliwe pikipiki. Wako wasioihitaji, na wako ambao barabara zao hazina usalama wa aina yoyote. Naandika kwa ajili ya mzazi aliyekaa na jibu la hapana mdomoni, kama nilivyokuwa mimi pale Miritini. Kabla hujalitoa, muulize mwanao hivi leo anasafiri na nini, nyuma ya nani, na saa ngapi. Ukiridhia, nenda naye. Gusa injini kama ni moto, fungua kisanduku cha chujio, tazama meno ya gia, soma nambari. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kukagua breki.

Woga wangu haujaisha. Kila jioni, kabla ya Magharibi ya Mombasa, nasubiri ujumbe wa maneno mawili: "Nimefika, mama." Kila Ijumaa namuuliza swali lile lile, naye hunijibu bila kuchoka. Chujio la hewa amelisafisha.